Dola milioni 5 za 1919: theluthi kwa kuta, theluthi mbili kwa kazi

Mwaka 1919 Carnegie Corporation ya New York iliahidi dola milioni 5 kwa National Academy of Sciences, yaani Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Karibu theluthi moja ya fedha hizo ilikuwa ya kujenga makao mapya mjini Washington. Zilizobaki ziliwekwa kuwa mfuko wa kudumu wa kuendesha Baraza la Taifa la Utafiti, chombo kilichokuwa chini ya Akademia hiyo. Kiwanja hakikuwamo kwenye hesabu. Kilitakiwa kinunuliwe kwa michango ya watu wengine. Jengo lilizinduliwa tarehe 28 Aprili 1924 na mpaka leo linatumika.

Miaka miwili baada ya uzinduzi, kundi lilelile la viongozi, likiwa na jina lilelile na sasa likiwa na ukumbi wa kupokelea wageni wake, lilianza kuchangisha dola milioni 20 kwa ajili ya utafiti. Mpango huo ulikufa bila kugharimia utafiti wowote.

Kwa kawaida tofauti ya matokeo hayo mawili huelezwa kwa mdororo wa uchumi wa 1929. Mdororo ulichangia, lakini haukuwa chanzo. Tofauti ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya ahadi zenyewe: nani anatakiwa kutimiza sharti, lini, na kila dola imefungwa kwa kazi gani. Chama chochote cha kisayansi kinachotaka kuchangisha kwa wakati mmoja fedha za programu na fedha za makao makuu kitakutana na maswali hayohayo, na kisa hiki kinayaonyesha waziwazi kuliko vingi tunavyovijua.

Chama chenye heshima, kisicho na fedha ya kodi ya nyumba

Akademia ilianzishwa kwa sheria ya Bunge iliyotiwa saini na Abraham Lincoln tarehe 3 Machi 1863, ikiwa na wanachama waasisi 50. Sheria hiyo iliitaka ichunguze na kutoa taarifa kwa idara yoyote ya serikali itakayoiomba. Gharama halisi za uchunguzi zingelipwa, lakini Akademia isipokee ujira wowote kwa huduma hiyo. Kwa lugha ya mhasibu, kazi yake kuu haikuweza kuacha ziada hata kidogo.

Ilikuwa na mali ya wosia. Rais wake wa kwanza, Alexander Dallas Bache, aliiachia urithi wake, na wengine wakafuata. Lakini fedha za wosia huja na makusudi yake: utafiti wa aina fulani, nishani fulani. Hesabu za mwaka zilionyesha chama chenye mitaji; ukiuliza fedha ya kupanga ofisi, hapakuwa na kitu. Ndiyo maana kwa karibu miaka 60 Akademia haikuwa na nyumba yake na ilitegemea ukarimu wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Washington, kwa mikutano.

Hali hii bado ni ya kawaida sana. Kabla ya kufikiria jengo, mweka hazina agawe fedha zote za chama katika safu tatu: zilizo huru, zilizofungwa kwa muda au kwa kazi maalumu, na zile ambazo mtaji wake hauruhusiwi kuguswa. Mara nyingi safu ya kwanza haifiki gharama za miezi mitatu. Chama cha namna hiyo hakiwezi kumlipa msanifu majengo hata mchoro wa awali, na kikiulipia kwa fedha za safu ya pili kimevunja amana hata kama hakuna aliyeona.

Aliyeshikilia wazo la jengo alikuwa mwanaastronomia George Ellery Hale. Kati ya 1913 na 1915 aliandika mfululizo wa makala kuhusu kazi za akademia za kitaifa na mahitaji yake, jengo likiwamo. Hakuwa mgeni katika kuomba fedha. Darubini ya inchi 100 ya kituo cha Mount Wilson, California, ilianza kwa John D. Hooker kutoa dola 45,000 za kioo peke yake. Mashine ya kukibeba na kuba lake vililipiwa na Carnegie Institution, taasisi ya utafiti iliyo tofauti na Carnegie Corporation. Hale alikuwa amejifunza kwamba mfadhili mmoja anaweza kununua kipande kinachompendeza, mradi yupo mwingine aliyekwisha kukubali kubeba kisichopendeza.

Hata hivyo, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia jengo halikupata mfadhili. Na kusema kweli lilikuwa ombi dhaifu: ukumbi kwa watu ambao tayari walikuwa na vyuo vyao, maabara zao na heshima yao. Kilichobadilika ni programu. Mwaka 1916 Baraza la Taifa la Utafiti liliundwa ili kuwaunganisha wanasayansi wa vyuo, viwanda na serikali kwa mahitaji ya vita. Tarehe 11 Mei 1918 Rais Woodrow Wilson alitoa amri ya kulifanya liendelee baada ya vita. Sasa ombi lilikuwa na kazi inayoonekana, watu wanaoifanya, na ofisi za kupanga zisizoitosha.

Mwaka uleule wa 1919 Rockefeller Foundation ilitoa dola 500,000 kwa miaka 5 ili Baraza liwafadhili watafiti vijana wa fizikia na kemia waliokwisha kupata udaktari. Mwanafizikia Arthur Compton, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika. Programu iliyotukuka kuliko zote za Baraza ilianza miaka mitano kabla ya jengo kufunguliwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu kamati nyingi huamini kinyume chake, kwamba programu zitakuja jengo likishakuwapo. Mfadhili mkubwa hununua nafasi kwa ajili ya kazi ambayo ameiona ikibanwa.

Mgawanyo wa fedha

Sasa tuziangalie dola milioni 5 zenyewe. Theluthi moja ni kama 1,667,000 kwa jengo. Theluthi mbili ni kama 3,333,000 kwa mfuko wa kudumu. Kwa mapato ya asilimia 5, mfuko huo ungetoa takriban 167,000 kwa mwaka bila kugusa mtaji.

Mfuko ulikabidhiwa kwa Akademia ingawa kazi ilikuwa ya Baraza, na sababu yake ni ya kisheria: Akademia ilikuwa na hati ya Bunge na ingeweza kumiliki mali kwa jina lake, Baraza halikuwa na hadhi hiyo. Hapa vyama hukwama mara kwa mara. Kamati ya mradi, tawi, au "mfuko wa jengo" usiosajiliwa hauna uwezo wa kupokea mali, na ahadi iliyoandikwa kwa jina lake inaweza kubishaniwa na warithi wa mtoaji. Jina la mpokeaji kwenye hati lilingane neno kwa neno na jina la kwenye cheti cha usajili.

Uzuri mkubwa wa mgawanyo huu ni kwamba fedha za kazi na fedha za kuta zilikuja katika hati moja. Mkandarasi akizidisha gharama, hawezi kuula mfuko wa Baraza. Na watu wa programu hawawezi kukopa kutoka kwenye jengo.

Kuna pengo moja ambalo mgawanyo wa namna hii unaweza kuliacha, nalo ni matunzo ya jengo lenyewe. Mwaka 1990 Baraza hilohilo la Utafiti lilitoa ripoti kuhusu majengo ya umma, ikashauri kutenga kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya jengo kwa bei ya sasa, kwa matunzo na ukarabati wa kawaida. Tukitumia kipimo hicho kwa jengo la 1,667,000, matunzo ni kati ya 33,000 na 67,000 kwa mwaka. Ili kuyapata kwa mapato ya asilimia 5, unahitaji mtaji wa kati ya 667,000 na 1,333,000. Hiyo ni sehemu moja ya tano hadi mbili ya tano za mfuko wote uliokusudiwa utafiti.

Hesabu yake ni fupi: gawanya asilimia ya matunzo kwa asilimia ya mapato, zidisha kwa thamani ya jengo. Siku hizi wadhamini wengi waangalifu hutoa asilimia 4 tu ya mfuko kwa mwaka, ili kilichobaki kifidie mfumuko wa bei. Kwa matunzo ya asilimia 2, mtaji wa matunzo ni nusu ya thamani ya jengo. Kwa asilimia 4, ni sawa na thamani nzima. Na bado hujalipa umeme, maji, bima, ulinzi na usafi, ambavyo havimo katika kipimo hicho.

Kwa hiyo chama kinachotangaza lengo la "jengo na programu" kina mistari mitatu ya kuchangia, si miwili. Mstari wa tatu ndio usio na mvuto, ndiyo maana unapaswa kuingizwa ndani ya kila zawadi ya jengo tangu mwanzo. Mfadhili anayetaka jina lake ukumbini alipie ukumbi pamoja na sehemu ya mtaji wa kuutunza, katika hati hiyohiyo. Ukimwendea tena baada ya uzinduzi, utapata shukrani na mkono mtupu.

Sharti la kiwanja

Kiwanja kilipatikana: eneo zima kati ya barabara ya 21 na ya 22, jirani na Lincoln Memorial, jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln, ambayo ilizinduliwa Mei 1922. Kiligharimu chini ya dola 200,000, zilizotoka kwa wachangiaji binafsi. Ukilinganisha na milioni 5, ni chini ya asilimia 4. Lakini bila hizo laki mbili, fedha za jengo zisingeweza kuanza kazi.

Tunaliona sharti hili kuwa jambo bora katika kisa chote. Lilikuwa dogo kiasi cha kutimizika na kubwa kiasi cha kuhitaji watu wengi. Lilimthibitishia mfadhili mkuu kwamba hayuko peke yake. Kubwa zaidi, utimizaji wake ulikuwa mikononi mwa chama chenyewe: Hale na wenzake wangeweza kubisha milango mpaka kiasi kitimie, bila kusubiri uamuzi wa mtu wa tatu.

Kuchangisha kiwanja kuna ugumu wake. Hakuna anayeandikwa jina kwenye udongo. Fedha zinahitajika zote kwa mkupuo siku ya kuhamisha umiliki, ilhali watoaji wanapenda kulipa kwa miaka 3 hadi 5. Na ardhi ikitolewa bure inaweza kuja na deni la kodi, mgogoro wa mipaka au udongo mbaya. Eneo la jirani kandokando ya mto Potomac lilikuwa kwa sehemu kubwa limepatikana kwa kujaza kinamasi. Mahali kama hapo msingi unaweza kula akiba yote ya dharura kabla ukuta haujaonekana. Upimaji wa udongo ufanyike kabla ya barua ya kukubali zawadi, na gharama yake itoke kwenye fedha huru za chama.

Mahali pa heshima pana masharti ya heshima. Michoro ya msanifu wa jengo, Bertram Grosvenor Goodhue, ilibidi ipite katika Kamisheni ya Sanaa iliyosimamia sura ya mji, na jengo likavikwa marumaru. Jiwe la msingi liliwekwa 1922, miaka mitatu baada ya ahadi. Kwa bahati njema, bei ambazo zilikuwa zimepanda sana Marekani hadi 1920 zilishuka kwa kasi 1920 na 1921. Ucheleweshaji kwa kawaida hauleti faida ya aina hiyo, na hesabu ya leo ichukulie kwamba kila mwaka wa kusubiri utapandisha bei. Goodhue mwenyewe alifariki tarehe 23 Aprili 1924, siku tano kabla ya Rais Calvin Coolidge kuhutubia uzinduzi. Mkataba wa usanifu ueleze ni nani anamiliki michoro na ni nani anaisimamia kazi msanifu asipokuwapo.

Mwaka 1926: milioni 20 ambazo hazikuja

Kampeni ya pili ilikuwa na mwenyekiti ambaye kila chama kingemtamani: Herbert Hoover, wakati huo Waziri wa Biashara na baadaye rais wa nchi. Lengo lilikuwa dola milioni 2 kwa mwaka kwa miaka 10, na walioombwa hasa walikuwa makampuni makubwa ya viwanda. Hoja ilikuwa kwamba sayansi ya msingi ndiyo chemchemi ya utajiri wa viwanda, basi viwanda viilipie.

Hoja ilikuwa ya kweli, na ilikuwa mbaya kwa kuchangishia. Ikiwa matunda ya utafiti wa msingi huchapishwa na kuwa ya wote, kampuni isiyotoa hata senti hunufaika sawa na inayotoa. Mkurugenzi anayewajibika kwa wenye hisa angejibu nini? Tena makampuni yenye uwezo mkubwa yalikuwa tayari na maabara zao: ya General Electric ilianza 1900, Bell Telephone Laboratories ikaundwa 1925. Waliombwa walipie mara ya pili.

Kisha likaja umbo la ahadi. Baadhi ya watoaji waliahidi kwa sharti kwamba jumla fulani ifikiwe kwanza kutoka kwa wengine. Kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake. Sharti la kiwanja la 1919 lilikuwa la upande mmoja: timiza hiki, upate kile. Masharti ya 1926 yaliungana kwa duara, na mzunguko wa namna hiyo hauna mtu wa kuuanzisha. Malipo pia yalitandazwa kwa miaka 10, muda mrefu kuliko wakurugenzi wengi hukaa madarakani. Lengo lilipunguzwa kwa nusu. Mdororo ulipokuja, ulikuta ahadi nyingi kuliko fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mpango ulifungwa na kiasi kidogo kilichokuwa kimepokelewa kikarudishwa kwa wenyewe.

Jinsi tungepanga leo

Weka lengo lote kuwa 100. Jedwali la zawadi linaloaminika lina zawadi moja ya 20, mbili za 10, nne za 5 na nane za 2.5. Hizo ni zawadi 15 zinazoleta 80. Ishirini zilizobaki hutoka kwa wanachama na umma, kwa mamia ya michango midogo. Kila zawadi kubwa inahitaji majina matatu au manne ya watu wanaoweza kuitoa na wanaokijua chama, kwa hiyo orodha iwe na majina 45 hadi 60 kabla ya kuchapisha kipeperushi chochote. Ikiwa yapo kumi na mbili, punguza lengo. Kamati nyingi zikifika hapo huongeza bidii badala ya kupunguza lengo, na miaka miwili hupotea hivyo.

Tangazo la hadhara lingoje mpaka 50 hadi 70 ziwe zimetiwa saini. Ukitangaza mapema, anayeweza kutoa 10 atatoa 1 na kujihesabu amemaliza.

Tenganisha vitabu vitatu: ahadi zisizo na masharti, ahadi zenye masharti, na fedha zilizoingia benki. Mkataba wa ujenzi utiwe saini kwa kutazama kitabu cha tatu pamoja na mkopo wa muda mfupi ambao kitabu cha kwanza kinaweza kuulipa, baada ya kukata asilimia 5 hadi 10 za watakaoshindwa kulipa. Kitabu cha pili kihesabiwe sifuri, hata aliyeahidi awe nani. Katika gharama za mradi, usisahau kwamba michoro, vibali, ushauri, samani na vifaa vinaweza kuongeza asilimia 20 hadi 30 juu ya bei ya mkandarasi, na akiba ya dharura isipungue asilimia 10 wakati michoro haijakamilika.

Linda michango ya kila mwaka. Mwanachama anayetoa kwa jarida, mikutano na ufadhili wa vijana akiombwa kwa ajili ya jengo, mara nyingi huhamisha mchango uleule. Fomu moja yenye mistari miwili, wa kwanza ukiwa "mchango wangu wa kawaida mwaka huu" na wa pili "nyongeza yangu kwa jengo", hupunguza tatizo hilo kuliko barua mbili zinazoshindana. Linganisha kila robo mwaka. Mstari wa kwanza ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10, simamisha maombi ya jengo kwa wanachama na urudi kwa wafadhili wakubwa.

Hati ya zawadi iwe na haya: jina la kisheria la mpokeaji, kiasi na tarehe za malipo, kusudi, nini kifanyike jengo likighairiwa, jina la mtoaji litakaa wapi na kwa miaka mingapi, na sehemu ya fedha inayokwenda kwenye mtaji wa matunzo. Kama mtoaji anataka sharti, mpe la aina ya kiwanja cha 1919: kitu kimoja, kinachopimika, chenye tarehe, ambacho chama kinaweza kukitimiza chenyewe. Akisema atatoa fulani akitoa, na fulani naye amesema vivyo hivyo, waiteni wote meza moja na watie saini siku moja. Ikishindikana, msiandike kiasi hicho popote.

Jina la ukumbi lisiuzwe milele. Jengo la Washington liliongezewa bawa moja 1962, jingine 1965 na ukumbi wa mikutano 1970, kisha likafanyiwa ukarabati mkubwa kati ya 2010 na 2012. Kila hatua ya namna hiyo inahitaji wafadhili wapya, na wafadhili wapya wanahitaji mahali pa majina yao. Miaka 25 hadi 30 ni muda wa haki, na uandikwe kwenye hati ya kwanza.